Koti Lililofuliwa

Tulipoachana Jumapili iliyopita, msumari ulikuwa mtupu.

Mnaukumbuka msumari wenyewe. Ni ule wa nguzo ya banda namba saba, uwanja wa maonesho ya kilimo, ambapo jana yake jioni Mama Koti alitundika koti la kazi la marehemu mumewe. Asubuhi karudi, koti hakuna, na kipaza sauti kinatangaza kwamba shindano la kukamua limeanza.

Najua mlivyosema huko majumbani. Mmesema ni Shemeji. Hata mimi ningesema hivyo. Basi tulieni, maana koti limeonekana, na ingekuwa heri lingeibwa.

"Mwanangu, unatafuta hili?"

Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, kikongwe mfupi aliyenyooka mgongo, koti amelikunja vizuri mikononi. Uso ulimng'aa kwa furaha ya mtu aliyetenda jema.

"Nililichukua jana nikaenda nalo nyumbani. Nimelifua mara mbili kwa ile sabuni ya maua, ya wageni. Leo unasimama mbele za watu. Sikutaka waseme mke wa mwanangu kaja na matambara."

Mama Koti alilipokea. Akanusa kola. Akanusa kwapa. Akatumbukiza pua kwenye mfuko wa kulia, ule ambao mumewe alikuwa akiweka pumba za kumhongea ng'ombe. Ulikuwa na unyevu bado, na ulinuka maua matupu.

Akakaa juu ya ndoo.

Kwa aliyeidandia hadithi leo, nitasema kwa kifupi kisha tuendelee mbio.

Ng'ombe wa banda namba saba anaitwa Kisirani, na jina amelifanyia kazi. Siku aliyoletwa alipiga mateke watu watatu, akiwemo aliyemuuza. Aliyemuweza alikuwa mtu mmoja tu, mume wa Mama Koti, na chini ya mikono ya mtu huyo Kisirani alichukua kombe la kukamua miaka mitatu mfululizo. Miezi minane iliyopita mume akafariki. Kisirani akabana maziwa. Siku nne hakuachia hata tone, kiwele kikavimba, mpaka mjane alipovaa koti la marehemu, lile la kukamulia, ambalo halijawahi kuona maji, lenye jasho lake na samadi ya miaka yote. Maziwa yakashuka. Tangu siku hiyo hajawahi kumkamua bila koti hilo, na mtaa mzima ukampachika jina.

Halafu kuna Shemeji, mdogo wa marehemu, mwenye duka la mbao mjini. Ndiye peke yake aliyekuwa chumbani hospitalini kaka yake alipokata roho. Alitoka akasema kaka ameondoka bila kutamka neno. Kwenye kikao cha ukoo akasimama tena: ng'ombe sita wa marehemu ni mali ya ukoo, mwanamke hatawaweza, atawachukua yeye. Mama mkwe alipinga mpaka sauti ikamkauka. Mwisho wakakata shauri hivi: mjane akilichukua kombe kama alivyolichukua mumewe, zizi ni lake na hakuna wa kumgusa. Akilikosa, ng'ombe wote sita wanahamia kwa Shemeji siku hiyohiyo.

Siku yenyewe ndiyo hii. Na Shemeji kaja na lori.

"Mbona umenyamaza?" mama mkwe aliuliza. "Halijatakata?"

"Limetakata, mama."

"Sasa?"

"Kisirani alikuwa akimjua kwa harufu."

Kikongwe aliangalia koti. Akamwangalia ng'ombe. Taratibu mkono ukapanda ukafunika mdomo.

"Ile ilikuwa harufu ya mwanangu," alisema. "Nimeimwaga kwenye mtaro na povu la sabuni."

Mama Koti alitaka kumkumbatia na alitaka kupiga kelele, yote kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilitupa koti sakafuni, akaliburuza kwenye samadi mbichi, akalisugua ubavuni mwa Kisirani, mgongoni, shingoni. Kisirani alimwangalia kwa jicho la kumdharau, akamchapa mkia wa uso.

"Namba saba!" kipaza sauti kiliita. "Washindani wote kwenye benchi! Ng'ombe watafuatwa na wasimamizi!"

Akalivaa hivyohivyo, akatoka.

Benchi la washindani liko nyuma ya kamba, hatua kumi kutoka kwenye nguzo ya kukamulia. Ukishaketi huruhusiwi kurudi bandani. Unakaa, unasikiliza maziwa ya mwenzako yakiingia kwenye ndoo, unamwomba Mungu mambo ambayo usingependa yajulikane.

Aliyekuwa akiongoza ni Mwalimu Mstaafu, lita kumi na moja na nusu. Alikuwa amekwisha kukamua tangu saa mbili, lakini mikono alikuwa bado anaifuta kwa leso, anaifuta, anaikunja leso, anaikunjua, anafuta tena.

"Karibu, dada," alimwambia, akasogea. Kisha pua ikamcheza. "Hiyo ni samadi au ni maua?"

"Vyote, mwalimu."

"Ahaa." Akaikunja leso tena. "Wewe una bahati, ujue. Bado una kazi mbele yako. Mimi nimemaliza, sina la kufanya ila kuwaombea ninyi mkwame. Nimefundisha adabu miaka thelathini na mbili, na hapa nilipo namwombea Fundi Baiskeli ng'ombe wake ashikwe na kwikwi."

Fundi Baiskeli, mshindani namba tano, ndiye aliyekuwa kwenye nguzo. Alikuwa anakwenda vizuri mno. Jaji, daktari wa mifugo mwenye gauni jeupe na saa kubwa ya mkononi, aliinama kuchungulia mistari iliyochorwa ndani ya ndoo.

"Tisa," alitangaza. "Dakika nne zimebaki."

Uwanja ukanong'ona. Leso ya Mwalimu ikasimama. Mama Koti alijikuta anahesabu mikamuo ya mtu mwingine, mmoja, mmoja, mmoja, na kila mmoja ulikuwa kama unakamuliwa kwenye zizi lake mwenyewe.

Mara mtoto akapasua puto mahali fulani. Ng'ombe wa Fundi akaruka. Mguu mmoja ndani ya ndoo, ndoo ikabiringika, lita tisa zikaenda kwenye vumbi.

Fundi alibaki ameketi kwenye kigoda, mikono bado imeshika hewa.

"Mungu nisamehe," alinong'ona Mwalimu. "Mimi nilisema kwikwi tu."

"Namba sita!" Jaji aliita. Msimamizi mmoja akaja mbio akamnong'oneza: ng'ombe wa namba sita ana homa tangu alfajiri, mwenyewe amejitoa.

"Basi namba saba. Mleteni."

Mama Koti alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Shemeji, pole na koti."

Alikuwa ni Shemeji, nyuma yake, upande wa pili wa kamba, shati jeupe, funguo za akiba za lori zinaning'inia kidoleni. Kando yake mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, na mara tu Shemeji aliposema, kikongwe alifumba macho. Hufanya hivyo kila mwanawe huyu anapozungumza. Siku zote Mama Koti amedhani ni hasira.

"Habari zinafika haraka," alijibu bila kugeuka.

"Mama hawezi kuficha jambo. Sikiliza, hakuna haja ya kuaibika mbele za watu. Jitoe kama namba sita. Ng'ombe nawachukua kwa heshima, na wewe nitakujia kila mwezi na debe la unga. Tutabaki ndugu."

"Kaka yako angekusikia."

"Kaka yangu hasikii tena, shemeji."

Hapo ndipo Mama Koti alipoinuka. Kama alikuwa na wazo la kujitoa, na msimcheke, alikuwa nalo, liliishia kwenye sentensi hiyo.

Kisirani aliletwa na wasimamizi wawili, mmoja kila upande, wote wamekaa chonjo. Akafungwa kwenye nguzo. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka ngozi inang'aa. Maziwa yamo. Swali ni kama atayatoa.

Mama Koti alimwosha kwa maji ya moto, akamkausha, akaketi kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ubavuni.

"Robo saa," alisema Jaji. "Anza."

Filimbi ikalia.

Kisirani alinusa koti, akanusa tena. Halafu akapiga teke lililopita sentimita mbili kutoka kwenye goti.

Tone hakuna.

Alimpapasa. Alimsugua. Alimwimbia kwa sauti ya chini, ingawa hakuwahi kuwa mwimbaji na ng'ombe aliliona hilo. Chuchu zilikuwa ngumu, zimebanwa kwa ndani kama mtu aliyefunga mlango akauegemea. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kijasho chembamba kikamtoka nyuma ya masikio. Huko langoni aliliona lori, turubai limekwisha funguliwa.

"Dakika mbili na nusu zimekwenda, shemeji!" Shemeji alipaza sauti kutoka kwenye kamba. "Utamkamua kesho?"

Watu wakacheka. Na sikio la kushoto la Kisirani likageuka.

Chini ya vidole vya Mama Koti kitu kililegea. Mchirizi mmoja ukapiga kitako cha ndoo, mwembamba, ukafuatiwa na wa pili.

Koti! Koti limefanya kazi! Alikamua kwa pupa, wa tatu, wa nne, wa tano, kisha chuchu zikabana tena, kama vile hakuna kilichotokea.

Simu ya Shemeji ikalia pale kwenye kamba.

"Haloo! Eeh, dereva. Anza kugeuza. Rudi kinyumenyume mpaka kwenye mabanda, ushushe mlango wa nyuma. Kamba ziko chini ya kiti. Ndiyo, sita. Ndiyo, leo hii!"

Maziwa yaliteremka kama mvua. Mikono miwili haikutosha. Ndoo ililia, povu likapanda, na masikio yote mawili ya Kisirani yalikuwa yameelekea kwenye kamba, yametulia, macho nusu yamefumbwa.

Ndipo Mama Koti akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma.

Mumewe hakuwa mtu wa kukamua kimya. Alikuwa akiongea. Alfajiri na jioni, kichwa kwenye ubavu wa Kisirani, alimsimulia habari za bei ya pumba, za magoti yake, za mke wake aliyechoma wali. Aliongea mpaka ndoo ijae. Koti lilikuwa la kumkumbusha ng'ombe mtu fulani. Kumbe yule mtu mwenyewe alikuwa sauti. Na sauti ile, ile ileile, ilizaliwa mara mbili katika tumbo moja, na ya pili ilikuwa imesimama pale kwenye kamba na funguo za lori.

Shemeji alikata simu. Maziwa yakapungua.

Fikirini. Mtu mmoja tu uwanjani anaweza kumwokoa, na ndiye anayesubiri aanguke. Lazima aendelee kusema. Mama Koti hakuwa na muda wa kutafuta adabu.

"Shemeji!" aliita kwa nguvu, mikono ikiendelea. "Hilo lori ni lako au umeazima ili tukuone mtu?"

"Nini?"

"Nasema ng'ombe sita utawaweka wapi? Wewe si ndiye uliyefukuzwa na ndama ukajifungia chooni mpaka jioni?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Nani kakwambia hayo? Nilikuwa na miaka kumi!"

"Kaka yako alisema ishirini na mbili!"

"Uongo! Yule ndama alikuwa na pembe! Mama, mwambie! Na hata hivyo chooni nilikwenda kwa haja zangu!"

Lita tatu. Nne. Watu wakajisogeza kwenye kamba. Mama Koti alimchokoza habari za duka la mbao, za kipara alichokuwa akikificha kwa kofia, za harusi aliyochelewa na ilikuwa yake. Shemeji alijibu yote. Alijibu kwa sauti kubwa, akihesabu hoja kwa vidole, kama mtu aliye barazani kwa hakimu, na kila hoja Kisirani aliipokea kwa masikio na kuilipa kwa maziwa. Saba. Nane. Mikono ilimuuma mpaka kwenye viwiko na hakujali, alicheka na machozi yalimtoka, maana kwa dakika kadhaa alikuwa amekaa zizini kwake na mumewe yuko hai, ananung'unika.

"Kumi!" Jaji alitangaza. "Dakika nne zimebaki."

Anahitaji kumi na moja na nusu zipite. Kisirani akiachiwa hivi, hata kumi na tatu anatoa.

Na hapo Mwalimu Mstaafu akasimama kwenye benchi.

"Pingamizi!" Leso alikuwa anaipunga juu. "Jaji, yule bwana anamsaidia! Tazama masikio ya ng'ombe! Kila akisema, maziwa yanashuka! Akinyamaza, yanakatika!"

Uwanja mzima ukageukia masikio ya Kisirani.

Jaji alimwangalia Mwalimu, akamwangalia Kisirani, akafungua kijitabu cha kanuni, akakifunga.

"Kanuni zinakataza ndama, zinakataza sindano, na zinakataza mtu wa pili kuvuka kamba," alisema. "Hakuna kanuni inayokataza mtu kugombana na shemeji yake. Pingamizi limekataliwa. Saa inakwenda."

Mama Koti angempigia makofi. Lakini macho yake yalikuwa kwa Shemeji, na aliuona uso wake ukibadilika. Kwanza hakuelewa. Kisha akalitazama sikio la ng'ombe. Kisha akaitazama ndoo. Kisha, taratibu, akatabasamu.

Akafunga mdomo.

"Shemeji!" aliita Mama Koti. "Umeishiwa?"

Kimya.

"Mwoga wa ndama!"

Shemeji alikunja mikono kifuani. Alipangusa kumbikumbi asiyekuwepo begani mwake. Angeweza kusimama hivyo mpaka Krismasi.

Chuchu zikabana. Mchirizi ukawa uzi, uzi ukawa tone. Kisirani alitafuna bila raha, akatafuta kwa masikio, kulia, kushoto, kama anayemwita mtu aliyetoka nje bila kuaga. Nyuma ya mabanda lori lilikuwa linarudi kinyumenyume, mlango wa nyuma umeshushwa.

"Kumi na robo," alisema Jaji. Alikuwa ameacha kutangaza kwa nguvu. "Dakika mbili."

Mwalimu aliketi. Hakuwa anafurahi, na nasema hilo kwa heshima yake. Alikuwa amefunika uso kwa leso.

Ndipo kiti cha kukunja kikalia. Mama mkwe alikuwa amesimama.

Hakuvuka kamba. Alisogea tu mpaka mbele ya mwanawe, akamtazama kutoka chini, maana kimo alimfika kifuani.

"Mwanangu," alisema, na ingawa hakupaza sauti, watu wa nyuma kabisa walisikia. "Siku ile hospitalini mliniambia nikae nje. Nilikaa. Mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia mtu anaongea ndani, kwa muda mrefu, anaeleza jambo. Wewe ukatoka ukasema kaka yako hakutamka neno."

Funguo za lori ziliacha kuchezacheza.

"Nikajiambia, basi aliyekuwa akiongea ni huyu. Sauti zenu ni moja. Mimi niliyewazaa sizitofautishi. Miezi minane, kila ukifungua mdomo nafumba macho nakusikiliza, najaribu kukumbuka yule wa siku ile alikuwa wewe au alikuwa yeye." Alipumua. "Kombe silitaki. Koti nimelifua mwenyewe, kosa ni langu. Wewe nijibu moja tu, hapa mbele za watu. Mle ndani aliongea nani, na alisema nini?"

Jaji alisahau kuangalia saa.

Shemeji alimwangalia mama yake. Aliangalia watu, mstari baada ya mstari wa watu, wote wanasubiri. Akinyamaza, ukimya wenyewe ni jibu, na uwanja mzima utakwenda nalo nyumbani. Akisema, ndoo iko pale.

Mama Koti alishika chuchu mbili, mikono mitulivu, hakukamua. Hata yeye hakuwa tena anafikiria kombe. Alitaka kujua kama mumewe aliondoka duniani na jina lake mdomoni.

"Dakika moja," alinong'ona Jaji.

Kisirani aliacha kutafuna. Masikio yote mawili yakaelekea kwenye kamba.

"Mama," alisema Shemeji, na sauti ikamkatika katikati. Ndani ya mikono ya Mama Koti maziwa yakaanza kushuka.